Haki ya Kupunga Upepo: Mombasa na Wakazi Wake Wenye Ulemavu

Mwezi Mei 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria ni mpya, lakini mkanganyiko kuhusu bustani, fuo na viwanja vya mapumziko ni ule wa zamani. Wapo wanaodhani kila mahali pa starehe ni bure kwa mtu mwenye ulemavu. Wapo wenye mali wanaohofia kulazimishwa kumwaga zege hadi ukingoni mwa maji. Wapo pia maafisa wanaoamini kwamba ukishajenga njia moja ya mteremko kando ya ngazi, deni limelipwa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na vipande hivyo vimewekwa pamoja bila mpango.

Mombasa ni mji unaofaa kupimia suala hili. Hapa kupunga upepo ni sehemu ya maisha ya kila siku. Jioni watu hukaa Lighthouse wakila mihogo na kunywa madafu wakitazama meli zikiingia Kilindini, na Jumapili ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, haupitiki kwa umati. Starehe hizi ni za bei ndogo na hata familia isiyo na kitu huzimudu. Ndiyo maana anayeshindwa kuzifikia hukosa kitu ambacho mtaa wake mzima unacho.

Bure ni jambo moja, kupitika ni jingine

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kiasi kinachofaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ulioridhiwa na Kenya 2008, unataja burudani, mapumziko na michezo waziwazi katika kifungu chake cha 30. Wazo la "bure" lina chimbuko jingine. Linatoka kifungu cha 28 cha sheria ya 2003, kilichowaruhusu watu wenye ulemavu kutumia bila malipo viwanja vya michezo na burudani vinavyomilikiwa au kuendeshwa na serikali. Kifungu hicho hakikugusa mali ya binafsi.

Kusamehe kiingilio ni hatua njema, hasa kwa familia inayolazimika kulipia pia msaidizi na gari la kukodi. Lakini ni msaada usioigharimu serikali sana, kwa sababu wengi wanaosamehewa hawafiki langoni kwanza. Sheria hiyohiyo ya 2003 iliweka masharti magumu zaidi: majengo ya umma yalipewa miaka mitano kurekebishwa, na magari ya abiria miaka miwili. Yeyote anayepanda matatu leo anaweza kushuhudia kwamba sharti hilo la pili lilibaki karatasini. Somo la miaka zaidi ya 20 ni kwamba msamaha wa ada hutekelezwa upesi kuliko sharti la kujenga, na kwamba umma ukiridhika na la kwanza, la pili husahaulika.

Ni watu wangapi?

Mkanganyiko wa pili ni wa idadi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ni asilimia 16 ya watu wote duniani. Tofauti hii inatokana na kipimo. Sensa ilihesabu wale waliosema wana shida kubwa au hawawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Makadirio ya dunia yanapanua mlango zaidi.

Kwa mji uliohesabiwa watu wapatao milioni 1.2, pengo hilo ni kubwa. Ukiuwekea Mombasa kiwango cha taifa cha sensa, unapata watu wasiozidi 27,000. Ukiweka kile cha dunia, unapita 190,000. Hakuna kati ya hesabu hizi iliyo sahihi kwa mji wenyewe, lakini zinaonyesha jinsi bajeti inavyoweza kufinywa kwa kuchagua takwimu ndogo. Isitoshe, njia inayopitika kwa kiti cha magurudumu hutumiwa pia na bibi mwenye magoti mabovu, mama anayesukuma kigari cha mtoto, na kijana aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Hao hawamo katika asilimia 2.2.

Pwani yenyewe inasema nini

Tuanze na bustani ya Mama Ngina. Ilijengwa upya kwa fedha za serikali kuu na kufunguliwa Oktoba 2019, mwezi ambao sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika papo hapo. Nguvu yake kubwa ni ya kimaumbile: iko juu ya mwamba, tambarare, na bahari inaonekana bila kuteremka popote. Njia zimetandikwa kabro na mibuyu ya kale imebaki. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ukumbi wa wazi wenye viti vya ngazi ni tatizo, lakini matembezi ya ukingoni yanawezekana. Hatari iliyopo ni ya matunzo. Kabro ni nzuri ikitandikwa vizuri. Mizizi ikiinyanyua au mvua ikila mchanga wa chini yake, kila tofali lililozama hukwamisha gurudumu la mbele na kumkwaza anayetembea kwa fimbo nyeupe.

Fort Jesus ni mfano mgumu zaidi. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa lengo la kumzuia mtu asiingie, na tangu 2011 iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huwezi kubomoa ukuta wa mawe ya matumbawe ili upanue mlango. Lakini si kweli kwamba hakuna linalowezekana. Majukwaa ya mbao yanayokaa juu ya sakafu ya zamani bila kuitoboa, na ambayo yanaweza kuondolewa bila kuacha alama, hutumiwa katika majengo ya kale kwingineko. Ua wa kati na vyumba vya maonyesho vya chini vinaweza kufikiwa kwa njia hiyo, na sehemu za juu za kuta zikaonyeshwa kwa picha, mifano ya kugusa kwa mikono na maelezo ya sauti. Hapo ni halali kusema kwamba si kila kona itafikika. Kisicho halali ni kutumia ukale wa jiwe kama kisingizio cha choo kilichojengwa juzi.

Haller Park ya Bamburi ina faida isiyotazamiwa. Ni machimbo ya mawe ya saruji yaliyogeuzwa msitu tangu 1971, mivinje ilipoanza kupandwa kwenye jiwe tupu. Sakafu ya machimbo huwa tambarare, kwa hivyo mtu anaweza kuwafikia viboko na kobe bila milima. Ila ni mahali pa kulipia, na pako mbali na kisiwa.

Halafu kuna ufuo, na hapa ndipo ugumu ulipo. Mchanga mkavu wa juu humeza gurudumu dogo la mbele la kiti cha kawaida. Mwenye kukisukuma huishia kukikokota kinyumenyume. Chini yake, pale maji yalipopita, mchanga ni mgumu na hubeba kiti vizuri. Kwa hiyo kinachoamua ni maji. Tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua Mombasa hupita mita 3, na siku hizo maji hupwa sana asubuhi na kujaa alasiri. Maana yake ni kwamba ufuo huwa mpana na mgumu asubuhi wakati watu ni wachache, kisha bahari huupanda mchanga hadi juu saa zilezile familia zinapomiminika. Mvuvi wa Nyali anayajua haya bila kuandikiwa. Mzazi wa Changamwe aliyekodi tuktuk kumleta mwanawe anaweza kufika na kukuta ukanda mwembamba wa mchanga mlaini peke yake. Ubao mmoja langoni wenye saa za kupwa na kujaa, na tangazo lilelile kwenye redio za pwani, ungeokoa safari nyingi kwa gharama ya rangi na mbao.

Safari kabla ya starehe

Mahali pa mapumziko hapawezi kufikika zaidi ya njia inayokwenda huko. Matatu ina ngazi ndefu, mlango mwembamba na kondakta mwenye haraka. Kiti cha magurudumu kikikubaliwa, mara nyingi hutozwa nauli kana kwamba ni abiria. Tuktuk imekuwa mkombozi ambaye hakuna aliyempanga. Sakafu yake iko chini, dereva anaweza kusogea karibu kabisa na mtu, na kiti kikikunjwa hutoshea nyuma au miguuni. Udhaifu wake ni bei, kwa sababu anayekwenda na kiti na msaidizi hukodi chombo kizima huku wengine wakigawana nauli.

Kwa mkazi wa Likoni kuna kivuko. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mpando wa kuingia na kutoka hubadilika na maji: yakipwa, meli hutia nanga chini zaidi na mtu hupanda mwinuko mrefu akiwa ndani ya umati unaokimbilia kazini. Kipimo kinachotumika sana kwa njia za mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kwenye kivuko kipimo hicho hakitimizwi na hakiwezi kutimizwa saa zote. Kinachowezekana ni kuwaruhusu watu wenye ulemavu watangulie kuingia na kutoka, na kuwa na wahudumu waliofunzwa kusukuma kiti mpandoni.

Kwa nini hali iko hivi baada ya sheria zote hizo? Uhaba wa fedha ni sababu mojawapo, lakini sababu inayoumiza zaidi ni kwamba safari moja ina wenyewe wengi. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti bustani, fuo na vifaa vya burudani. Barabara kuu ziko chini ya mamlaka za kitaifa. Kivuko kiko chini ya Mamlaka ya Bandari. Ngome ni ya Makavazi ya Taifa, hifadhi ya bahari ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na matatu na tuktuk ni za watu binafsi. Kila mmoja anaweza kuonyesha kipande alichokamilisha. Anayekwenda ufuoni ndiye anayekutana na mapengo yaliyo kati ya kipande na kipande, na hana ofisi moja ya kulalamikia.

Hoja tatu zinazoshindana

Hoja ya kwanza inasema: tengeni mahali maalumu. Sehemu moja ya ufuo, bustani moja, au siku moja kwa mwezi, iwekewe vifaa vyote na wahudumu. Nguvu yake ni kwamba inatekelezeka. Fedha chache zikikusanywa mahali pamoja huzaa kitu kizima, na wazazi wa watoto wenye usonji mara nyingi huthamini saa tulivu ambapo hakuna spika wala macho ya kushangaa. Udhaifu wake ni mzito. Mtu hawezi kupanga kiu ya kupunga upepo kwa kalenda, na familia yenye watoto wanne haiwezi kugawanyika ili mmoja aende kwake na watatu waende kwao. Kilichoanza kama nafasi maalumu pia hugeuka kisingizio cha kutorekebisha kwingine kote.

Hoja ya pili inasema: kila mahali pajengwe kwa ajili ya kila mtu. Kimsingi ndiyo hoja ya Katiba, na kwa majengo mapya haina mpinzani wa kweli, maana mlango mpana ukichorwa kabla ya ujenzi haugharimu kama ukuta unaobomolewa baadaye. Tatizo ni mji uliokwishajengwa. Vichochoro vya Mji wa Kale vina upana wa watu wawili na baraza zinazoingia njiani. Zege la kudumu juu ya ufuo huvuruga mwendo wa mchanga na huweza kuharibu sehemu ambapo kasa hutaga. Zaidi ya yote, ahadi ya kila mahali bila tarehe ndiyo iliyotuletea miteremko iliyotawanyika, mmoja hapa na mmoja pale, hakuna hata mmoja unaofika mwisho wa safari.

Hoja ya tatu inaweka mkazo kwenye vifaa na watu: viti vya ufuoni vyenye magurudumu mapana ya upepo, mikeka ya plastiki inayotandazwa juu ya mchanga na kukunjwa jioni, na vijana wa ufuoni waliofunzwa kumhamisha mtu kutoka kitini hadi majini au hadi kwenye mashua. Ufuo haujengwi, na kazi hupatikana. Mombasa ina bahati hapa: karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa 1969 na kuendeshwa na Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, zina mafundi ambao wengi wao wenyewe wana ulemavu na wanajua viti hivi. Hakuna sababu ya kuagiza ng'ambo kila kitu kinachoweza kuundwa kilomita chache kutoka ufuoni, na chumvi ya bahari inayokula beringi inahitaji fundi wa karibu.

Hata hivyo hoja hii ina shimo. Kifaa kisicho na mtunzaji hufungiwa stoo, na stoo hupoteza ufunguo. Na msaada wa binadamu una mpaka wa heshima. Kunyanyuliwa na vijana wanne mbele ya umati, bila kuulizwa unataka kushikwa wapi, si sawa na kufika mwenyewe. Wengine hukubali kwa furaha kwa sababu bahari ni bahari. Wengine huapa kutorudi. Mafunzo yanayoanza na swali "nikusaidie vipi?" ni ya lazima kama kiti chenyewe.

Wasiotumia kiti cha magurudumu

Mjadala wetu hukaa sana kwenye magurudumu, pengine kwa sababu mteremko unaonekana na kupigwa picha. Mtu mwenye ualbino anahitaji kivuli kuliko kitu kingine chochote. Kwake mti uliokatwa kupanua maegesho ni mlango uliofungwa, na mibuyu ya Mama Ngina haitoshi kwa sababu hupukutisha majani miezi mingi ya kiangazi. Kiziwi anahitaji kuona tahadhari ya mlinzi wa ufuo: bendera badala ya filimbi peke yake. Asiyeona anahitaji ukingo unaosikika kwa fimbo na njia isiyotapakaa bidhaa. Hapo kuna mvutano wa kweli na wachuuzi, nao wana haki ya riziki. Suluhisho la haki ni kuwachorea nafasi zao pembeni ya njia, kwa sababu kuwafukuza hurudisha tatizo wiki inayofuata.

Kuna pia mvutano kuhusu vyuma vinavyosimikwa kwenye malango kuzuia bodaboda. Vikikaribiana sana huzuia pia viti vya magurudumu, ambavyo huhitaji takriban sentimita 90 kupita bila kukwaruza mikono. Vikiachana sana, pikipiki huingia na kumtishia kiziwi asiyeisikia ikija. Hakuna kipimo kinachomaliza jambo hili. Linamalizwa na mlinzi langoni.

Choo nacho kimesahauliwa kiasi kwamba huamua kila kitu kimyakimya. Wengi wenye ulemavu hupunguza kunywa maji kabla ya kutoka, katika joto la Mombasa, kwa kuwa hawajui kama watapata mlango unaopitika. Wengine hukaa nyumbani. Kwa watu wazima wanaohitaji kubadilishwa nguo, meza pana yenye pazia ni nadra kuliko mteremko wowote.

Pa kuanzia

Ukipima hoja zote tatu, hakuna inayosimama peke yake. Ya pili iwe sheria kwa kila kinachojengwa upya, bila msamaha. Ya tatu iwe njia ya ufuo, ambako zege lina madhara. Ya kwanza ibaki kwa saa tulivu za wanaozihitaji, isiwe jibu la wote. Lakini juu ya zote liwepo swali la mpangilio, na hapo jibu langu ni bayana: Mombasa iache kutawanya vipande, ikamilishe safari chache kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni ya Mama Ngina, kwa sababu maumbile yamekwisha kufanya nusu ya kazi: kinachobaki ni kituo cha tuktuk chenye kingo zilizoshushwa, kabro inayokaguliwa kila baada ya mvua za masika, choo kinachopitika, vivuli na bendera. Ya pili ni Pirates, kwa sababu ndipo watu walipo: mkeka kutoka barabarani hadi mchanga mgumu, viti vya ufuoni vyenye mtunzaji anayelipwa mshahara, ubao wa maji kupwa na kujaa, na choo chenye meza ya watu wazima. Kaunti iandike makubaliano na mamlaka za barabara na vyama vya madereva wa tuktuk, na jina la afisa mmoja anayewajibika kwa safari nzima libandikwe langoni pamoja na nambari ya simu. Baada ya hapo ndipo ya tatu na ya nne zifuate.

Sharti moja liandikwe katika kila mkataba wa kazi hizi. Mkandarasi asipewe malipo yake ya mwisho mpaka kikundi cha wakazi wenye ulemavu mbalimbali, wanaolipwa kwa muda wao, kiwe kimesafiri kutoka Likoni na kutoka Changamwe hadi mahali hapo na kurudi, na kuweka sahihi kwamba kazi imekamilika.